Tuogope Ugonjwa, Tusimwogope Mgonjwa



Mwezi huu hatuna habari ya dawa mpya. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi tungependa lisahaulike, yaani namna tulivyoishi sisi kwa sisi wakati wa korona, miaka ya 2020 na 2021, hapa Njombe na Makambako. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena, na watu wakamshukuru Mungu, wakaweka barakoa kabatini. Nasi tulishukuru. Lakini kushukuru si kusahau, na tunaona kuna mambo tuliyoyakosea ambayo bado hatujayasema waziwazi, si katika jumuiya zetu, si parokiani, wala si katika zahanati zetu.

Tena tusidhani habari hizi zimekwisha. Ugonjwa wa Marburg uliingia Kagera mwezi Machi 2023, ukarudi huko huko Januari 2025. Mwezi Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa mpox nchini. Mtu wa Njombe atasema Kagera ni mbali. Ni kweli, ni mbali. Lakini wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walionekana Kagera mwaka 1983, na sote tunajua umbali huo ulitusaidia nini. Katika upimaji wa kitaifa wa 2011-2012 mkoa wetu ulikutwa unaongoza nchini, watu 14.8 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na virusi. Upimaji wa 2022-2023 ulitukuta bado tunaongoza, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 4.4. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita Makambako, na hapo ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni hapo hapo. Mwezi Mei 2020 Zambia ilipofunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde kwa sababu ya korona, sisi tulijua habari hiyo kwa kuwaona madereva wa malori, maana walilala kwetu. Kinachosafiri na watu hakitupiti. Hata ile homa kubwa ya 1918 ilisambaa nyanda hizi za juu kusini vita ilipokuwa inakwisha, askari na wapagazi wakirudi makwao.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Wenye umri kama wetu wanakumbuka miaka ya 1990. Mgonjwa wa UKIMWI alitengewa kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, na mahali pengine alijengewa hata kibanda chake nyuma ya nyumba. Alipokufa vyombo vile vilizikwa au kuchomwa moto. Wakati huo huo waganga na masista walikuwa wakifundisha, tena bila kuchoka, kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kulala chumba kimoja. Tulisikia tukiitikia kwa kichwa, kisha tukaenda nyumbani kutenga kikombe.

Ikaja korona. Huu sasa ulikuwa ugonjwa unaotoka mdomoni na puani mwa mtu na kuingia kwa mwenzake. Nasi tukafanya kinyume. Kilabuni lita moja ya ulanzi ikazunguka midomo 10. Msibani beseni moja la maji likanawisha mikono ya ukoo mzima, kila mmoja akichovya pale pale alipochovya mwenzake, na wa mwisho akinawa maji yenye rangi ya chai. Tukalala chumba kimoja watu 20 tukikohoa, tukisema ni baridi ya Njombe tu. Kwa UKIMWI tulitenga vikombe pasipo sababu, kwa korona tukachangia vikombe penye sababu.

Kwa nini? Sisi tumelifikiri jambo hili muda mrefu, na tunatoa maoni yetu kama tunavyoyaona. Haikuwa ujinga, maana mafundisho yalikuwapo nyakati zote mbili. Tunaona kwamba tulipima hatari kwa aibu, hatukuipima kwa njia ugonjwa unayopita. UKIMWI ulionekana ugonjwa wa wenye dhambi, basi tukamwogopa mtu mwenyewe, na kila alichokigusa kikawa kibaya. Korona ilikuja katika sura ya mafua na kikohozi, ugonjwa wa heshima ambao hata mzee wa kanisa anaweza kuupata, kwa hiyo hatukuona haja ya kumwogopa yeyote wala chochote. Asiye na aibu alionekana hana hatari. Hesabu hiyo ilitugharimu mara mbili: mara ya kwanza kwa wagonjwa waliokufa wapweke vibandani, mara ya pili kwa wazee waliokufa wakiwa wamezungukwa na watu.

Kumbe kila ugonjwa una njia yake, na ukiijua njia unajua pia wapi pa kusimama karibu bila wasiwasi. Virusi vya UKIMWI vinapita kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kipindupindu kinapita kwa maji na chakula chenye kinyesi. Marburg unapita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mwili wa marehemu ndio hatari zaidi, kwa hiyo hapo kuosha maiti ni kazi ya wataalamu peke yao, hata kama marehemu ni mama yako mzazi. Korona na kifua kikuu vinapita kwa hewa. Mtu anayejua haya anaweza kumkumbatia mgonjwa wa UKIMWI na kula naye sahani moja, na mtu huyo huyo akaketi hatua mbili kutoka kwa mwenye korona, nje, barakoa usoni, akaongea naye saa nzima. Katika yote mawili hajamwacha mgonjwa.

Hapa kwetu suala la hewa lina ugumu wake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi majani huwa meupe kwa barafu sehemu nyingine, na Makambako upepo wake unajulikana na kila aliyewahi kusubiri basi pale. Nyumba zetu tumezijenga kuzuia baridi. Madirisha ni madogo, mengine yamepigiliwa misumari, mengine yamezibwa kwa magunia. Jioni familia nzima inaingia jikoni kuota moto pamoja na kuku, na mlango unafungwa. Ni mahali pazuri kwa hadithi za bibi, lakini hewa ni ile ile inayozunguka kutoka pafu hadi pafu, pamoja na moshi. Akiwamo mmoja mwenye kifua kikuu au korona, wote wanaivuta hewa yake mpaka asubuhi.

Watu wengi walidhani kunawa mikono kulitosha. Tuwape mfano wa ng'ambo unaofaa kwaya zetu. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walikutana kufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Walijihadhari kadiri walivyofundishwa wakati huo: dawa ya kusafishia mikono ilikuwapo mlangoni, na watu hawakukumbatiana kama desturi yao. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Kati ya wale 61, watu 53 wakapata au wakadhaniwa kupata korona, na 2 wakafariki. Mikono ilikuwa safi. Hewa ndiyo haikuwa safi, kwa sababu anayeimba anatoa pumzi nyingi na kwa nguvu kuliko anayesema, na chumba kilikuwa kimefungwa.

Tulipowasimulia wanakwaya wa parokia moja habari hii, mwalimu wao akauliza, "Kwa hiyo tuache kuimba?" Hapana, mwalimu. Mtoke nje. Mwimbe chini ya miti, msimame mbalimbali, mpunguze muda, anayekohoa abaki nyumbani bila kutozwa faini ya utoro. Faini hizo tumeziona, na tunaomba kwa heshima zifutwe kabisa kwa mtu mwenye kikohozi. Kwaya ikivunjwa kwa hofu, vijana wake watakutana kwingine, na si kwingine kuzuri. Jambo hili la kutoka nje lilikuwa rahisi sana, tena halikuhitaji fedha, na bado mwaka 2020 walifikiri hivyo wachache mno. Wengi tulijua njia mbili tu: ama kukusanyika kama zamani, ama kufunga kila kitu.

Tukumbushane kidogo hali ilivyokuwa, maana watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa wanasoma tu habari zake. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 huko Arusha, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Nyumba za ibada hazikufungwa na Serikali. Hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mapema, zikabaki pale pale kwenye 509 na vifo 21 kwa muda mrefu, na watu wengi wakaelewa kwamba ugonjwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Mwezi Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Mhashamu Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliwaandikia maaskofu wenzake kuonya kwamba wimbi jipya lipo na kwamba nchi yetu haikuwa imetengwa na dunia. Mwezi Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi 2 tu mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na matatizo ya kupumua. Ndugu msomaji, masista 60. Hao ndio waliokuwa wakiwauguza wengine. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na chanjo ikaanza kutolewa kwa hiari. Shehena ya kwanza ilikuwa dozi 1,058,400.

Hatuandiki haya kumlaumu mtu. Tunayaandika kwa sababu katika miezi ile, kanisa lilipokuwa wazi, wajibu wa kuamua tukaeje ulikuwa mikononi mwetu wenyewe, na wengi hatukujua la kufanya nao. Tuliondoa maji ya baraka mlangoni, tukapokea Komunyo mkononi, tukaacha kupeana mikono wakati wa amani. Hayo yalikuwa mazuri. Ndoo za kunawia zikawekwa. Baada ya miezi michache ndoo ikawa pambo: ipo, ina bomba, ina hata maandishi ya jina la kigango, ila ndani mna buibui. Na nje ya kanisa, watu waliokaa mbalimbali kwenye mabenchi wakarundikana kwenye Noah moja watu 14 kurudi nyumbani.

Lakini kosa tunalotaka kulizungumza zaidi ni la upande wa pili, kwa sababu halizungumzwi.

Katika kijiji kimoja upande wa Makambako kulikuwa na bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 70, mjane, mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Kabla ya korona alikuwa akitembea kwenda Misa kila Jumapili, na siku za kazi alikaa barazani akipukuchua maharage na kuwagombeza wajukuu. Mwezi Aprili 2020 watoto wake walioko mjini walipiga simu: mama asitoke, na watoto wasimkaribie. Walisema hivyo kwa upendo, nasi hatuwalaumu, maana ni kweli wazee na wenye presha na kisukari ndio waliokuwa wakifa zaidi. Nyumbani wakatii. Mlango ukafungwa. Chakula kikawa kinawekwa kizingitini.

Mmoja wetu alikwenda kumtazama mwezi Agosti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukusalimu tu."

Akanyamaza kidogo. "Basi kaa. Wenzako wanaacha sahani mlangoni kama wanamlisha mbwa mkali."

Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa haina nguvu, na kutoka kitandani hadi mlangoni ilibidi ashike ukuta. Vidonge vya presha vilikuwa vimekwisha tangu Juni. Aliyekuwa akimchukulia zahanati ni mjukuu, na mjukuu alikuwa amekatazwa kuingia, kwa hiyo hakujua kwamba kopo ni tupu. Bibi naye hakusema, kwa sababu hakuna aliyekaa kumsikiliza. Usiku halali, mchana hana hamu ya kula. Aliuliza kama bado kuna Misa. Tulipomwambia ipo, alilia, kwa maana alikuwa akidhani imefungwa kila mahali na kwamba wote wako kama yeye.

Alifariki mwaka uliofuata kwa kiharusi. Korona, kwa kadiri tujuavyo, haikumgusa.

Wapo watakaosema upweke ni jambo la moyoni tu, halihusu ukurasa wa afya. Si kweli. Mtu anayekula peke yake anakula kidogo. Mzee asiyetembea wiki chache anapoteza nyama za miguu, na kuzirudisha ni kazi kubwa, kisha anaanguka na kuvunjika nyonga. Asiyezungumza na mtu anasahau dawa, anasahau hata siku. Wengine wanaingia katika ugonjwa wa sonona, ambao kwetu mara nyingi tunauita uvivu au tunadhani amerogwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Sisi Waafrika tulizoea kusema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Yule bibi alikuwa Mbena halisi, na ukoo wake ulijaa kijiji kizima.

Nini kingefanyika? Kiti kingetolewa nje, juani. Mjukuu angekaa hatua mbili kutoka kwake, amefunika mdomo na pua, akapukuchua maharage upande wake na bibi upande wake. Hewa ya nje inachukua kikohozi na kukitawanya. Angetembezwa kuzunguka nyumba mara mbili kwa siku. Jirani mmoja, yule yule kila siku, si 10 wa kupokezana, angekuwa na kazi ya kuingia ndani, kutazama kopo la vidonge na kumsikiliza. Salamu ingekuwapo. Kuna aliyedhani salamu ya Kibena haiwezekani bila mkono. Inawezekana. "Kamwene" inasikika vizuri tu kwa mbali, na goti linapigwa vile vile.

Hayo yanahusu pia ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na katika mkoa huu kila jumuiya inao, ijue isijue. Wakati wa korona wapo walioacha kwenda kliniki kwa kuogopa msongamano. Kuacha dawa kulikuwa hatari kuliko kliniki yenyewe, maana virusi vikiamka kinga inashuka, na kifua kikuu kinapata nafasi. Leo mtu anayetumia dawa vizuri anaweza kupewa za miezi 3, na wengine hata 6, kwa hiyo ugonjwa mwingine ukivuma jambo la kwanza ni kuhesabu vidonge vilivyobaki na kwenda mapema kuomba vya muda mrefu. Na asiyeweza kwenda amtume msiri wake. Kila mwenye virusi anahitaji awe na mtu mmoja anayejua. Tukiwa wa kunong'onezana jumuiyani, hatapatikana wa kuaminiwa, na hapo ulimi wetu umekuwa sehemu ya ugonjwa.

Tuseme sasa juu ya misiba. Tunajua tunagusa mahali penye uchungu. Kwetu mtu hafi peke yake na hazikwi peke yake. Watu wanalala msibani siku kadhaa, akina mama ndani juu ya majani na mikeka, akina baba nje kwenye moto. Asiyefika anakumbukwa, na siku yake ikija watu hawatafika. Tulipofundisha mwaka 2021 kwamba mazishi yafupishwe, mzee mmoja alituambia, "Mnataka tuzike kama tunatupa." Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu tulimwambia aache bila kumwambia afanye nini badala yake.

Basi tunasema tena, kwa namna nyingine. Nani walikufa baada ya misiba mingi ya wakati ule? Si waliokaa nje kwenye moto. Kwa sehemu kubwa tulisikia habari za akina mama waliolala ndani, milango imefungwa, wamejifunika blanketi mbili watu sita, na baya zaidi, jiko la mkaa katikati ya chumba. Jiko hilo linaua hata pasipo ugonjwa wowote, kwa hewa yake ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia. Wafiwa wa karibu walale ndani, dirisha likiwa wazi kiasi cha kiganja, na jiko libaki nje. Wengine wakeshe nje au warudi kwao walale, waje asubuhi. Majirani wapokezane siku, ili mfiwa asiwe na watu 200 siku ya kwanza na asiwe na mtu hata mmoja siku ya kumi, maana siku ya kumi ndiyo ngumu. Maji ya kunawa yamiminwe kwa jagi, au lifungwe kibuyu chirizi, yaani dumu la lita 5 lenye tundu na kamba ya kukanyaga kwa mguu. Beseni la kuchovya lirudi kwenye kufulia nguo. Rambirambi zinatumwa kwa simu siku hizi na hakuna anayeona ni dharau. Je, kwa nini tuone ni dharau mzee mwenye pumu akituma salamu na kubaki kwake?

Kuhusu kujifukiza tuna neno fupi. Mvuke unafungua pua na unampa mtu nafuu ya mafua, hatukatai. Hauui virusi vilivyo mapafuni, na tulipokea watoto waliounguzwa na sufuria ndani ya blanketi. Tangawizi na malimau ni chakula kizuri, vinyweni. Lakini midomo ikianza kuwa ya bluu na pumzi kukatika, hiyo si saa ya kutafuta majani, ni saa ya kutafuta gari.

Turudi kwenye madirisha, kwa sababu hapo ndipo hatuhitaji kusubiri ugonjwa mpya. Kifua kikuu kipo leo. Duniani mwaka 2023 kiliua watu milioni 1.25, na kinapenda sana mahali penye UKIMWI mwingi na vyumba vilivyofungwa, yaani mahali kama petu. Mtu aliyekohoa wiki 2 au zaidi, anayetokwa jasho usiku, anayepungua uzito, aende kupimwa makohozi. Dawa ni bure, zinatumiwa miezi 6 kwa kawaida, na baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi wengi hawaambukizi tena. Katika wiki hizo chache za kwanza alale chumba chake, akae nje mchana, na atembelewe nje. Asijengewe kibanda.

Pendekezo letu kwa jumuiya ndogo ndogo ni hili. Katika mkutano mmoja, kabla ya baridi kuingia, andikeni katika daftari majina ya wazee wote wanaoishi peke yao, wenye presha, wenye kisukari, na wagonjwa wa kitandani. Mbele ya kila jina liwepo jina la mtu mmoja atakayemtembelea, ugonjwa ukiwapo au usipokuwapo, na namba ya simu ya mtoto wake aliye mbali. Kazi hii inachukua muda wa rozari moja. Tumeona jumuiya mbili zikiifanya. Katika moja walikuta mzee ambaye hakuna aliyejua kwamba haoni tena. Alikuwa akija sala akishikwa mkono na mjukuu, na wote walidhani ni mapenzi ya mtoto kwa babu yake.

Na kwa waheshimiwa maparoko na walei wenye funguo za kumbi zetu, tunaomba kitu kidogo. Katika kumbi nyingi tulizopita, madirisha ya upande wa upepo yamepigiliwa mbao tangu miaka mingi. Fundi mmoja mwenye nyundo na bawaba anaweza kuyafungua kwa siku moja. Kwaya, WAWATA na watoto wa kipaimara wote wanakaa humo. Tungefurahi kazi hiyo ikifanyika kabla ya Juni.